Siku Nilipomushika Mama Mukwe

Muke wangu alikataa kupasuliwa. Alikuwa amelala hospitalini Kasongo, tumbo limevimba, munganga amesema tusipitishe siku ya tatu, na yeye anageuzia ukuta uso: "Mama yangu anibariki kwanza. Kwa simu hapana. Mikono yake, juu ya kichwa yangu." Wanasema mugonjwa haulizwi uji. Huyu wangu aliulizwa na munganga, nikamuuliza na mimi kwa kelele mpaka wagonjwa wengine wakanizomea, jibu likawa lile lile.

Mama yake alikuwa Kabambare. Kaka za muke wangu wote wako mbali kwenye machimbo ya zahabu, simu zao hazipiti. Nikabaki mimi, mwalimu mustaafu wa miaka sitini na nane, mutu ambaye tangu aoe hajamutazama mama mukwe wake usoni hata mara moja.

Si uadui, ni desturi. Kwetu mukwe na mama mukwe wanaheshimiana kwa kukimbiana. Nikimuona njiani, ninaingia kwenye majani mpaka apite. Nikifika kwake, ninakaa mbele ya nyumba, yeye anabaki jikoni, na salamu zetu zinabebwa na mutu mwingine. Kugusana, Mungu wangu, hata kutamka ni haya! Na mimi nilikuwa bingwa. Huko Kabambare wakwe wengine walikuwa wanaambiwa: muangalie yule mwalimu wa Kasongo, yule ndiye mukwe. Nilipenda sana sifa ile.

Basi nikakodi pikipiki mbili, moja yangu, moja yake. Njia nzima ya kwenda roho ilikuwa juu, nikawa ninamugombeza dereva wangu, mutu muzima mwenye mvi. Mara anakimbia sana, mara anatambaa. Tulilala Kabambare. Asubuhi mama mukwe akatoka amejifunika kitenge, mudogo, mukavu, mugongo umepinda. Mimi nikatazama chini.

"Papa," dereva wangu akasema, "huyu mama hawezi kukaa peke yake. Njia iko mubaya. Ukae nyuma yake, umukamate."

"Mimi? Unajua unachosema wewe?" Nikamufokea vibaya. Nikaamuru mama afungwe kwa kitenge kwenye mugongo wa dereva wa pili, kama mutoto anavyobebwa, na mimi nifuate nyuma. Niliona nimepata akili kubwa.

Kabla ya Lusangi kuna mulima wa udongo mwekundu, na mvua ilikuwa imenyesha. Pikipiki ya mbele ikateleza, fundo la kitenge likafunguka, mama mukwe akaanguka ubavu kwenye matope. Dereva wake alibanwa muguu chini ya pikipiki, wangu akakimbia kumutoa. Na mimi? Niligeuka. Ninaandika hili kwa haya: nilimupa mugongo. Nguo yake ilikuwa imepanda magotini, na miguu yangu ikafanya yenyewe kile ilichozoea. Nikasimama ninatazama migomba ya watu, ninamusikia nyuma yangu anahema.

"Papa!" dereva akapiga kelele. "Unangojea nani?"

Hapo ndipo nilijijua. Haikuwa heshima iliyonisimamisha pale, ulikuwa woga. Tangu siku ya kwanza nilimuogopa yule mama, asije akanitazama usoni akaona namna ninavyomufokea binti yake. Darasani, nyumbani, hospitalini, kelele zangu zote zilikuwa woga, na desturi ya wazee wetu nikaifanya mahali pa kujificha. Miaka sitini na nane! Na muke wangu anangojea Kasongo, siku zinakwisha.

Nikarudi. Nikamufunika miguu kwa nguo yake, nikapitisha mikono chini ya makwapa yake, nikamuinua. Akanitazama. Kumbe macho ya muke wangu yalitoka kwake, na sikujua.

"Kumbe uko na mikono," akasema.

"Unisamehe, mama."

"Mutoto wangu anaumwa. Nipandishe, ukae nyuma, unikamate muzuri."

Tukabanana watatu kwenye pikipiki ya dereva wangu, yule mwingine akifuata polepole na muguu wake, mikono yangu kiunoni mwa mama. Watu wa njiani walishangaa. Washangae. Kila shimo nilimuuliza kama ameumia, mpaka akaniambia ninaongea sana.

Tulifika jioni. Akaweka mikono juu ya kichwa cha binti yake, matope yamekaukia vidoleni, akasema maneno yake ya Kibangubangu, taratibu. Muke wangu alituangalia, mimi nimemushikilia mama yake asianguke, akacheka huku anashika tumbo. "Wewe? Umemushika?"

"Nimemushika."

"Basi wanipasue."

Kesho yake wakamuingiza chumba cha kupasulia. Nilianza kwenda na kurudi mbele ya mulango, nikafungua kinywa nimufokee muuguzi wa kwanza aliyepita. Mama mukwe akanivuta shati, nikakaa kwenye benchi.

"Unaogopa?"

Nilitaka kukataa. "Ninaogopa sana, mama. Asipotoka, sijui kuishi."

"Na mimi ninaogopa," akasema. Tukakaa bega kwa bega, hakuna aliyegeuka.

Jua lilikuwa kali wakati muuguzi alifungua mulango. Ameamuka, akasema, anaongea, lakini mutu mumoja tu aingie kwanza. Nikasimama nimupishe mama.

"Tunaingia wote," mama mukwe akamwambia muuguzi. "Mimi na mutoto wangu."