Sikio la Kiwanda

Pale kiwandani kwetu, magharibi ya Jutland, Denmark, spika haikutoka mpaka Egon Damsgaard aseme, "Inapumua." Alikaa kwenye kiti chake kilichochakaa, akafumba macho, akasikiliza, akaagiza sauti za juu ziongezwe kidogo hapa, zipunguzwe kidogo pale, kisha akalitamka neno lake. Hakuna aliyembishia. Alianza kazi ujanani akigundisha mbao za makasha, na masikio yake ndiyo yaliyompandisha. Watu walimwita Sikio.

Mimi nilitoka chuoni na maikrofoni na kompyuta, nikaajiriwa kupima. Egon alinipokea kwa kejeli mbele ya wenzake, wakati wa kahawa.

"Jeppe, hiyo mashine yako imeshawahi kulizwa na wimbo?"

"Bado, Egon. Lakini haijawahi pia kuja kazini na pombe ya jana kichwani."

Wakacheka, naye akacheka kuwazidi. Tukapatana.

Kisha maduka yakaanza kurudisha spika mpya. Wanunuzi vijana walisema zinatoboa masikio. Tove, mwenye kiwanda, aliniagiza nizipime. Nikapima na matoleo ya zamani yaliyobaki stoo. Kila toleo lilikuwa na sauti za juu kali kuliko lililotangulia, kama ngazi. Ndipo nikaelewa. Egon alikuwa akiongeza kile ambacho masikio yake yalikuwa yakipoteza.

"Tumwambie," nikasema.

"Umwambie nini?" Tove akaniuliza. "Picha yake iko kwenye kila tangazo letu. Akishaenda zake nyumbani, wewe zishushe hizo sauti za juu kimyakimya. Mwache mzee wa watu na neno lake."

Yaani akae pale kama sanamu, aseme "inapumua," nasi tuifanye kazi yake upya nyuma ya mgongo wake. Tove aliita hiyo huruma. Mimi naiita wizi. Mtu aliyetafuta sauti ya kweli maisha yake yote ana haki ya kuambiwa kweli, hata kama itamvunja.

Nikamwambia, nikamwonyesha na michoro ya vipimo. Akawaka.

"Na hiyo michoro yako! Haya, nipime na mimi, tumjue kiziwi ni nani!"

Akaketi kwenye chumba cha ukimya, hedifoni masikioni, kitufe mkononi. Kila akisikia mlio, abonyeze. Kwenye besi alibonyeza. Kwenye sauti za kati alibonyeza. Tulipopanda kwenye sauti za juu, kidole kikatulia. Nikaongeza nguvu, nikaongeza tena, hadi mlio ukavuja nje ya hedifoni ukanichoma mimi niliyekaa kando.

"Vipi, umelala?" Egon akasema. "Washa basi, au tunangoja Krismasi?"

Akanitazama, akaona nilivyokunja uso. Akavua hedifoni polepole.

"Inalia?"

"Inalia."

Hakukalia kile kiti tena. Tove alimsihi abaki kwa jina tu, akakataa. Jumapili akaniita kwake nizirekebishe spika zake za nyumbani kwa kufuata kipimo, si sikio lake. Nilipomaliza, akaweka santuri aliyoikariri tangu ujana, fidla na nyuma yake kengele ndogo ndogo. Kwangu ilikuwa safi kama maji. Yeye aliinamisha kichwa.

"Zimekufa," akasema. "Kama zimefunikwa blanketi."

"Nizirudishe zilivyokuwa?"

Kabla hajajibu, mkewe Bodil akatoka jikoni na sweta analofuma, akaketi sofani. Egon akamkodolea macho. Kwa miaka mingi, muziki ukianza, Bodil aliondoka, na mumewe aliamini haupendi.

"Leo mbona umekaa?"

"Leo hazinichomi."

"Zilikuwa zinakuchoma? Tangu lini? Mbona hukusema, Bodil?"

"Ningesema nini? Wewe ndiye Sikio. Mimi nani?"

Fidla ikaendelea. Egon akaweka mikono magotini, akaniambia bila kunitazama, "Ziache hivyo hivyo."

Punde Bodil akaacha kufuma. Kengele zilikuwa zimeingia. Egon hakuzisikia. Alikuwa ameukazia macho uso wa mkewe.

"Zimeanza?" akauliza.

"Nyamaza, Egon," Bodil akasema. "Nasikiliza."