Anayepanda Polepole

Moshi wa nyama ya Soko la Burma ukiingia dirishani mwetu hapa Shauri Moyo, wengine husikia njaa. Mimi hukumbuka banda la video lililokuwa nyuma ya bucha zile: mabenchi yanayonata, harufu ya mafuta yanayoungua, na magunia yaliyotundikwa madirishani kuzuia jua la Jumamosi mchana.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama mdogo Zuhura, mdogo wake mama, alikuwa amekuja kukaa nasi kutoka kwa mumewe, mtaa wa Kiamaiko. Sisi watoto hatukuambiwa kwa nini. Tulichojua ni kwamba chapati zake zilikuwa laini kuliko za mama, na kwamba hata jua likiwaka alivaa mikono mirefu.

Siku hiyo alinipeleka kuona sinema ya kutisha, kuukuu hata wakati ule. Mwanamke yuko peke yake chumbani, mtu anapanda ngazi, mwanamke anakodolea macho kitasa cha mlango. Banda zima lilipiga mayowe. Baba mmoja mwenye kitambi alimwaga karanga zake zote, tukamcheka huku tukitetemeka. Mama mdogo peke yake ndiye aliyetulia.

"Anapanda polepole," alininong'oneza. "Anayekuja mbio, hasira humwisha haraka. Wa polepole ndiye mbaya."

"Kwani ulishaiona, mamdogo?"

"Mara nyingi."

Nikamwonea wivu.

Haukupita muda, mumewe akaja na wazee wake, wakaleta sukari na leso. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, alinipa peremende. Nyanya akasema, "Vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana." Mama akamkunjia mdogo wake nguo, akazitia kwenye begi, naye akaondoka nyuma ya mumewe bila kugeuka.

Asubuhi moja kabla ya Ramadhani tuliambiwa ameteleza bafuni, akafariki. Alizikwa alasiri ya siku hiyo hiyo. Mwaka mzima nililiogopa bafu letu. Nilikuwa nikioga nimeshika ukuta, kaka zangu wakinicheka.

Juzi binti yangu Rahma aliipata sinema ile kwenye simu, tukaiangalia pamoja.

"Mum, kwani hii ndiyo mlikuwa mnaogopa? Damu yenyewe si inakaa kama tomato sosi!"

Nilicheka naye. Kweli, mlango ulipofungwa ukuta mzima ulitikisika kama boksi. Kisha nikasikia miguu kwenye ngazi, polepole, mmoja baada ya mwingine, nikamwambia Rahma aizime simu. Hapo ndipo nilipoelewa: mama mdogo hakuwa ameiona sinema ile hata mara moja kabla ya siku ile. Alikuwa akinieleza nyumba yake.

Nilimfuata mama jikoni. Siku hizi anakaa nasi. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo.

"Mama, mlijua?"

Hakuniuliza ninasema nini.

"Tulijua, mwanangu. Sote. Hata nyanya yako alipozipokea zile leso, alijua." Akatoa jiwe dogo, akalitupa. "Tungempeleka wapi?"

Nilivuta kigoda, nikaanza kuchambua naye. Miaka yote hiyo nilidhani watu wazima wa nyumba yetu walidanganywa kama nilivyodanganywa mimi, na dhana hiyo ndiyo iliyoniwezesha kuwapenda.