Baba mdogo alivyosoma nilichomwandikia

Sijawahi kumwambia mtu: hotuba zote za baba mdogo huwa naziandika mimi.
Yeye husoma tu, bila hata kuzipitia kwanza.

Leo ilikuwa arobaini ya Babu, nyumbani Kisugu.

Babu alikuwa mhandisi wa ndege kule Entebbe. Ndege ikipita juu ya nyumba, aliisikiliza tu na kukuambia ni ya aina gani. Zamu ikichelewa vipi, alirudi kula na Bibi.

Babu alipougua, baba mdogo hakuja hata siku moja. Alikuja baada ya mazishi, akachoma madaftari yote ya Babu ya injini, akaniambia:
"Takataka za mzee. Na wewe msoma vitabu, usinililie hapa."

Leo akasimama mbele ya shehe na majirani, kifua mbele, akasoma kwa sauti:

"Marehemu ameacha watoto watano. Wanne walimuuguza kwa zamu. Wa tano ni mimi, sikuja. Madaftari yake niliyachoma mimi, nyuma ya jiko."

Mdomo ulikuwa umeitangulia akili.

Shangazi akaruka: "Eh! Si ulisema yaliliwa na panya?"

Bibi hakuinua hata uso. "Maliza kusoma, mwanangu."

Hakuweza. Alinitazama mimi, na mara hii sikuangalia chini.

Mnaweza kunilaumu, semeni tu. Sijutii.

Nilisimama, nikaichukua karatasi mkononi mwake, nikasoma ukurasa wa pili, ule nilioandika kumhusu Babu mwenyewe. Halafu nikaenda kuosha sahani.