Ndege Hajui Kuhesabu

Naikumbuka asubuhi moja ya Aprili, mwanangu, hapa mtaani Sparkhill, huku ughaibuni, nilipokaribia kuua mayai manne kwa wasiwasi wangu. Nakuandikia kwa sababu dada yangu, mama yako, ameniambia umenunuliwa kamera. Mimi si mzee. Chuo nimemaliza juzi tu. Lakini mama mdogo naye ana lake la kusema.

Ndege wa kahawia alikuwa amejenga kiota kwenye kichaka uani, nyuma ya nyumba. Nilitaka picha safi, nikachukua mkasi, nikakata matawi yaliyomziba. Akaruka. Nikaanza kufikiri: je, mayai yamepoa? Nikaenda kutazama. Je, amerudi? Nikaenda tena. Mara tano kwa saa moja, na kila nikienda namfukuza upya.

Jirani yetu Mzee Jagdish, aliyekuwa mpiga picha Nakuru zamani, alinitazama juu ya ukuta.

"We msichana! Paka wa mtaa mzima wamelala, kazi yao unawafanyia wewe!"

"Nilikuwa naangalia tu, Mzee."

"Hiyo angalia-angalia yako ndiyo baridi yenyewe. Lete kamba."

Matawi hayakatwi, alisema. Hufungwa pembeni kwa uzi, na picha ikishapigwa hufunguliwa. Ndivyo baba yake alivyofanya enzi za kamera za vioo, kabla ya filamu. Tukayarudisha juu ya kiota matawi niliyokata, tukasimamisha karibu yake hema dogo la kujifichia, tukaingia wawili. Kisha akatoka peke yake, akiimba kwa makusudi.

"Ndege hajui kuhesabu," aliniambia kabla ya kutoka. "Ataona mtu ameondoka, basi. Wewe kaa kama maiti."

Dakika arobaini, mwanangu! Mguu ulikufa ganzi. Niliwaza mayai, nikawaza barua ya kazi niliyoisubiri, nikawaza hata kama nimezima jiko. Mara tatu nilishika zipu ya hema. Mara ya tatu jike akatua, akayageuza mayai kwa mdomo, akakaa. Sikupiga picha, niliogopa hata mlio wa kamera.

Makinda yaliyoanguliwa yalikuwa mawili tu.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa; picha nzuri nayo huundwa kwa subira. Basi usikate kinachomficha mwingine ili wewe uone vizuri. Na kinachoatamiwa usikifunue kila dakika ili kukihakikisha. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Ukishindwa kutulia, nami bado nashindwa, kaa hivyohivyo na wasiwasi wako. Ndege haoni moyo unavyokwenda mbio. Huona mkono tu.

Mungu akujalie jicho kali na mkono mpole, na kila utakachokipiga picha akiache salama ukishaondoka.