Chokaa Kwenye Tuta la Bwawa

Hadi leo nikiona jiwe limepakwa chokaa, damu inanichemka. Nyumbani wananitania kwa hilo. Wacheke tu, mimi sicheki.

Nilikuwa msimamizi wa mtambo wa biogesi katika shule moja ya bweni upande wa Butiama. Kinyesi cha ng'ombe na cha vyooni kiliingia kwenye tangi, gesi ikapika ugali wa wanafunzi, na tope lililobaki likatoka kwenda kwenye bwawa lililozungushiwa tuta la udongo. Chini ya bwawa, mwendo wa dakika chache tu, kuna chemchemi. Mama yangu anachota hapo tangu alipoolewa.

Tope lile ni mbolea nzuri. Kila kiangazi majirani walikuja na majembe, wakakata tuta, wakalielekeza tope kwenye mihogo yao. Wakimaliza wanarudishia udongo, wanaukanyaga mara mbili tatu, wanaondoka. Niliwaruhusu. Na nisijifanye malaika: pengo kubwa kuliko yote nililikata mwenyewe, kwa ajili ya migomba ya mama.

Masika yalipokaribia nilimwendea mkuu wa shule. Nikamwambia mapengo yale hayatahimili mvua. Yafukuliwe, yajazwe udongo wa mfinyanzi na kushindiliwa vizuri. Tope lipunguzwe sasa, mashamba yakiwa bado makavu. Na tuweke bomba lenye koki ili mtu asiguse tuta tena. Koki zipo Bunda, nikipanda basi asubuhi, mchana nimerudi. Alinisikiliza huku akiandika mambo yake.

"Kuna wageni wanakuja kuona mtambo," akasema. "Kwanza mazingira yapendeze."

Basi tukapendeza. Siku nzima nilipanga mawe juu ya tuta na kuyapaka chokaa, mtu mzima na akili zangu, brashi mkononi, juu ya udongo niliojua kabisa kwamba hauna nguvu. Nilikasirika, lakini nilipaka.

Mvua ilianza asubuhi, na kufika saa sita mchana tuta likaachia. Palepale kwenye pengo langu. Tope likabeba mawe yangu meupe, likapita katikati ya migomba, likaingia kwenye chemchemi. Nilikuwa nimelowa, natupia viroba vya mchanga kwenye lile pengo, mkuu alipofika na mwavuli wake. Nikamwambia nashuka kijijini kuwaambia watu wasichote maji.

"Usitangaze kwanza, bwana. Wageni wakishaondoka tutaongea."

Ningeweza kumwacha pale na mwavuli wake. Miguu ilikuwa yangu, na njia naijua tangu utotoni. Lakini niliogopa kazi yangu, nikainama nikaendelea na viroba. Kesho yake nikapaka mawe mengine. Wageni wakaja, wakapiga picha, wakala pilau iliyopikwa kwa gesi yetu, wakaondoka wakitusifu kwa usafi. Yule mkuu hajaongea na mimi kuhusu jambo lile hadi leo. Nikimkumbuka natamani kumwita majina ambayo hayaandikwi.

Siku ya tatu ndipo nikaenda kwa mama. Nilimkuta kwenye mkeka, amejikunja, anajishika tumbo, amekuwa mdogo kuliko nilivyomwacha. Ndoo ilikuwa karibu na mlango. Nikafunua kifuniko, na harufu ile niliyoizoea kazini ikanipiga usoni. Nikapandisha sauti, kitu ambacho sijawahi kumfanyia.

"Mama! Hukusikia maji yananuka?"

"Nilisikia," akasema. "Jirani alitaka twende tukachote mbali. Nikamwambia hapana, mwanangu ndiye anakaaga pale kwenye bwawa. Ingekuwa ni kitu kibaya, angekuja kuniambia."

Nikaibeba ile ndoo, nikaimwaga uani kwa nguvu hadi maji yakanirukia miguuni. Nyuma yangu nikamsikia akiuliza, kwa upole kabisa, ni nani amenikasirisha.