Lenzi ya Marehemu Baba na Kidole cha Mama

Niliisafisha lenzi ya marehemu baba, na mama akaacha kupokea simu zangu.

Sikumtukana. Sikumkosea adabu. Nilipangusa kioo tu.

Nianze vizuri. Mimi ni mpiga picha, na baba alikuwa mpiga picha kabla yangu, enzi za filamu na chumba cha giza. Alikuwa na lenzi moja nzito kama kitasa cha geti, na wanawake walipanga foleni studio kwake wakisema ile lenzi ina baraka. Hata uamke umevimba uso, picha inatoka unang'aa.

Baba alipofariki, mama akagoma kupigwa picha. Miaka tisa. Kwenye harusi anajificha nyuma ya mtu mnene.

Sasa mwaka huu anatimiza sabini. Dada yangu akaniambia nisipompata mama kwenye picha safari hii, nisijiite fundi tena. Nikaenda kumbembeleza. Mama akafikiri, akasema atakaa mara moja tu, na kwa lenzi ya baba.

Nikajibu hilo dogo. Kiherehere changu.

Nikaitoa lenzi kwenye kopo lake la bati, nikanunua adapta ya kuishikiza kwenye kamera yangu ya dijitali. Kamera ikaandika kwamba haioni lenzi. Nikaibembeleza kwenye mipangilio mpaka ikakubali. Kulenga ni kwa mkono, unazungusha pete taratibu huku umekodoa jicho.

Nikamjaribishia mke wangu. Akatoka laini, mashavu yanawaka mwanga. Akafurahi, mimi nikanuna kwa kuwa picha ina ukungu. Nikamulika tochi, nikaona kioo cha mbele, kile cha kufungua na kufunga, kina utando wa mafuta pembeni pote.

Nikasema maskini mzee, uzee ulimfanya hata uchafu asiuone. Nikachukua spiriti na kitambaa, nikafuta mpaka kikalia.

Jumapili mama akaja amependeza, akakaa kwenye stuli, akanyoosha shingo. Nikapiga. Kamera yangu haina huruma, inahesabu hadi vinyweleo vya kidevu. Nikamwonyesha kwenye kioo cha nyuma ya kamera.

Akatazama sana.

"Huyu bibi ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Lenzi ya mume wangu haikuwa na mdomo mchafu namna hii."

Akachukua mkoba, akaondoka. Siku tatu nikipiga simu hapokei. Dada akaniletea ujumbe kwamba nimeharibu kitu cha baba. Hapo niliumia kweli, maana sina kingine cha mzee zaidi ya ile lenzi.

Siku ya nne nikaenda kwake na kamera begani na kopo mkononi, kuomba radhi. Mama akaishika lenzi, akaigeuza dirishani.

"Umeifuta?"

"Ilikuwa na uchafu, mama."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nimesimama kama mtu aliyekosea nyumba.

Alipopumua akaniambia siri aliyokaa nayo tangu enzi za studio. Studio alikuwa anafungua yeye. Anafagia, anapanga stuli, kisha anachovya kidole kwenye mafuta ya mgando na kukipitisha pembeni mwa kioo cha mbele, katikati anaacha wazi. Baraka yote ilikuwa hiyo.

"Na baba yako mpaka anakufa hakujua," akasema. "Alivyokuwa anaringa nayo, ningemwambiaje?"

Akaleta mafuta yake ya mgando na kupaka, mkono haujasahau. Mimi nikatafuta kitambaa kwenye kopo, nikavuta sifongo la chini, likatoka zima.

Chini yake kulikuwa na kioo kingine cha mbele, kisafi kabisa, kimefungwa kwa karatasi. Mwandiko wa baba, ule wa kulalia kushoto. Nikamsomea mama.

"Hiki ni cha picha za vitambulisho. Kile kingine asikifute mtu. Mama watoto anadhani sijui."

Mama akainyakua karatasi, akaisoma mwenyewe mara mbili. Akakaa.

"Mzee mnafiki," akasema polepole, machozi yanashuka na huku anatabasamu. "Miaka thelathini ananitazama tu. Haya, piga basi, kabla sijajifuta."

Nikazungusha pete, nikapiga. Nililenga vibaya kidogo, picha iko wazi zaidi kwenye karatasi aliyoishika kuliko kwenye uso wake. Mama ameitundika sebuleni, karibu na ya baba, na wageni anawaambia wazi kwamba lenzi ni ya mumewe lakini baraka ni yake.

Nawe uliyerithi kitu cha mzee wako, kabla hujakishikia kitambaa ukijiona mjuaji, kamuulize kwanza mjane wake.