Kitambaa cha Mashine ya Kanda

Mkoa wa Manyara ulipokuwa bado mpya, nilipelekwa Babati kutunza kompyuta yenye orodha ya viwanja vya mji. Nilikuwa na shahada moja na mashati mawili ya mikono mirefu, na nilidhani vyote vitatu vinaonekana toka mbali.

Kila Ijumaa nilinakili orodha nzima kwenye kanda, kitu kama kaseti nene, ili kompyuta ikifa tusianze upya. Mashine ya kuandikia kanda niliikuta imefunikwa kitambaa cha kufuma, kazi ya mama wa masjala, aliyefunika kila kitu ofisini, hata simu. Wiki ya pili nikakiondoa.

"Mama, mashine inahitaji kupumua."

"Haya, msomi. Na vumbi nalo lipumue humo humo."

Akakikunja, akakizungushia kanda yangu ya kwanza, ile niliyoiandika kabla sijaleta ujuzi, akaitia kwenye droo yake. Mimi nikaendelea na Ijumaa zangu, nikibandika lebo kwa rula. Kujaribu kusoma nilichoandika hakukunijia akilini. Lebo zilikuwa nzuri mno.

Mwaka uliofuata kompyuta ikafa. Juma hilohilo akaja mwalimu mstaafu, mama mmoja wa mtaa wa Maisaka. Mtu alikuwa anachimba msingi kwenye kiwanja chake, barua yake ya kupewa kiwanja ilikuwa imeliwa na mchwa, na jalada lake hatukuliona.

"Shikamoo, mwalimu. Usihofu, tuna kanda," nikasema, kwa sauti ya daktari bingwa.

Nikaazima kompyuta ya ofisi ya jirani. Kanda niliyoanza nayo haikusomeka. Ya pili nayo vilevile. Tulipofika ya saba, mwalimu alikuwa ameacha kuniangalia mimi, anamwangalia mama wa masjala. Nikafungua mashine: vumbi lilikuwa limeganda palepale kanda inapopita. Mwaka mzima nilikuwa naandika juu ya vumbi.

"Umemaliza zako?" mama wa masjala akauliza. "Nikupe yangu?"

Nikasafisha kwa pamba na spiriti, nikaingiza kanda yake. Ikanguruma, ikasita, kisha jina la mwalimu likatokea kwenye kioo, na namba ya kiwanja pembeni. Alikuwa miongoni mwa waliogawiwa mwanzo kabisa. Nikamchapia ukurasa huo, nikaugonga muhuri. Hakungoja hata chai. Aliikunja karatasi yenye muhuri, akaondoka mbio kuwawahi wachimba msingi.

Mama wa masjala alitandika kitambaa juu ya mashine, akanyoosha pembe zote nne.

"Ipumue?" akaniuliza.

Nikasema isipumue.